Mafuta ya Kufika Nairobi

Msomaji, ukisimama katika uwanja wa shule yoyote hapa Isiolo, siku isiyo na mawingu, huenda ukasikia mvumo mbali juu angani, nawe ukainua kichwa kuitafuta ndege. Njia ya hewani itokayo Addis Ababa kwenda Nairobi yapita juu ya nchi yetu hii ya kaskazini. Yapita kati ya Ziwa Turkana na Marsabit, ikakaribia Isiolo, kisha ikauacha Mlima Kenya upande mmoja na kushuka Nairobi. Safari hiyo ni ya saa mbili hivi. Mtu aipandaye hunywa chai, husoma gazeti, na kabla hajachoka kukaa ameambiwa afunge mkanda kwa kuwa ndege yatua.

Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1996, ndege moja iliondoka Addis Ababa yapata saa tano asubuhi ili ifuate njia hiyo. Ilikuwa ni ndege ya shirika la Ethiopian Airlines, safari namba 961, aina ya Boeing 767, yenye injini mbili. Ilikuwa imetoka Bombay, na baada ya Nairobi ilikuwa iendelee mpaka Brazzaville, Lagos na Abidjan. Ndani yake walikuwamo watu 175, yaani abiria 163 na watumishi 12. Nairobi ndugu na jamaa waliingojea. Haikufika. Saa nne baadaye ilikuwa imevunjika vipande katika maji ya Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, na watu 125 walikuwa wamekufa au walikuwa wakifa.

Siku ile mimi nilikuwa mtoto mdogo, wala sina kumbukumbu nayo. Habari hii niliikuta nilipokuwa katika chuo cha ualimu, nikaisoma kwa haraka kama mtu asomavyo habari za ajali, nikadhani nimeielewa: ndege ilitekwa, mafuta yakaisha, injini zikazima, ndege ikaanguka. Nilipoanza kuwafundisha wengine ndipo nilipoona kuwa maneno hayo, ingawa ni ya kweli yote, hayatoshi. Injini zilipozima, watu wale wote walikuwa bado hai. Nataka tuitazame pamoja ile nafasi iliyo kati ya injini kuzima na watu kufa, na hata nyuma yake, tuone ni nini kilichoijaza.

Tuanze na utekaji wenyewe. Ndege ilikuwa angani dakika ishirini hivi watu watatu walipoinuka vitini, wakakimbilia mbele na kuingia katika chumba cha marubani. Katika miaka ile mlango wa chumba hicho haukuwa kizuizi kikubwa. Milango migumu isiyofunguliwa kwa nguvu iliwekwa katika ndege za dunia baada ya mashambulio ya Marekani ya tarehe 11 Septemba 2001. Watu wale walitwaa shoka na mtungi wa kuzimia moto, vitu vilivyokuwamo ndegeni kwa ajili ya usalama, wakavifanya silaha. Wakampiga rubani msaidizi, Yonas Mekuria, na kumtoa katika chumba. Walisema kuwa wao ni kumi na mmoja, walikuwa watatu. Walisema kuwa wana bomu. Baadaye ilionekana kwamba kile walichokiita bomu kilikuwa chupa ya pombe. Kisha wakamwamuru rubani mkuu, Leul Abate, awapeleke Australia.

Leul akawajibu jibu ambalo fundi yeyote angewajibu, kwamba mafuta yaliyomo hayawezi kuwafikisha huko. Ndege ilikuwa imetiwa mafuta ya kufika Nairobi, pamoja na akiba ambayo kila ndege huchukua. Kutoka Addis Ababa mpaka pwani ya Australia ni zaidi ya kilometa 8,000 na sehemu kubwa ya njia ni bahari tupu. Lakini watekaji hawakumsadiki. Walikuwa na ushahidi wao, nao ulikuwa umechapwa: katika gazeti la shirika ambalo abiria hulikuta mfukoni mwa kiti, waliona imeandikwa kuwa ndege ya namna ile yaweza kuruka masafa marefu hata yakafika Australia bila kutia mafuta.

Angalia sana jambo hili, msomaji, kwa sababu hapa ndipo msiba ulipoanzia. Gazeti halikusema uongo. Ndege ya aina ile, ikijazwa mafuta tele, ilikuwa na uwezo wa safari ndefu kama hiyo. Watekaji hawakuisoma namba vibaya. Walisoma kile ndege iwezacho, wakadhani wamesoma kile ndege iliyo nacho. Sisi wa Isiolo hatuhitaji mfano wa mbali. Lori laweza kutoka hapa na kufika Moyale, kiasi cha kilometa 500, tangi lake likiwa limejaa. Lakini kama mwenye lori alitia mafuta ya kufika Archers Post tu, basi hata mtu akiketi karibu na dereva na kumwekea shoka shingoni, na akamwonyesha kitabu cha kiwandani kinachosema tangi hili lafika Moyale, lori litazima njiani kati ya miiba. Kosa kama hili si la wajinga wasiojua kusoma. Ni la watu wanaojua kusoma, nami nakiri kwamba laniogopesha kuliko lile jingine.

Rubani Leul hakuwa mgeni wa mambo haya. Ndege zake zilikuwa zimetekwa mara mbili kabla ya siku ile, na mara zote mbili alitoka salama. Basi hakushindana nao kwa maneno. Badala ya kuelekea mashariki katika bahari kuu, akaielekeza ndege kusini, akiifuata pwani ya Afrika, akiwa na tumaini kuwa mradi nchi kavu iko karibu, kiwanja cha kutulia hakiko mbali. Hivyo ndege ile, ambayo ilikuwa ije Nairobi, ikaenda ikiiambaa pwani yetu ya Waswahili, na abiria wake wakaketi wakiwa hawajui wapelekwapo.

Watekaji wakatazama nje wakaona bado nchi inaonekana. Wakamlazimisha ageuke, aiache pwani. Akageuka, lakini hata katika kugeuka kwake alichagua. Aliipeleka ndege kwa siri kuelekea Komoro. Visiwa hivyo, vilivyo katikati ya bara na Bukini, vilijulikana na manahodha wa pwani yetu karne nyingi kabla ya ndege. Watu wake ni Waislamu, na lugha yao ni jamaa ya karibu ya Kiswahili, hata mtu wa Lamu akiisikiliza kwa makini hushika maneno mengi. Nacho kisiwa cha Ngazija kina kiwanja cha ndege huko Hahaya. Leul akaanza kukizunguka. Kila mara aliwaambia kuwa mafuta yanaisha, na kila mara walikataa kusikia. Mmoja wao alikuwa amekaa katika kiti cha rubani msaidizi, akichezea mitambo asiyoijua.

Kisha injini moja ikazima. Leul akachukua kipaza sauti akawaambia abiria ukweli: kwamba mafuta yamekwisha, kwamba injini moja imekwisha kufa, kwamba watazamie kuanguka, na akawataka wawakabili watekaji. Muda kidogo baadaye ya pili nayo ikazima.

Hapa watu wengi hukosea, hata watu wazima niliozungumza nao. Hudhani kuwa ndege ikizimikiwa na injini huanguka kama jiwe. La, sivyo. Mtazame tai anapoambaa juu ya bonde la Ewaso Nyiro. Hapigi mabawa, wala haanguki. Hushuka polepole huku akienda mbele, na mwendo huo wa mbele ndio unaoyafanya mabawa yambebe. Ndege ya abiria ni vivyo hivyo. Kwa kila kilometa moja inayoshuka, yaweza kusogea mbele zaidi ya kilometa kumi. Ikiwa katika kimo cha kilometa kumi, rubani ana zaidi ya kilometa mia za kutafuta mahali pa kutua, na dakika kadhaa za kufikiri.

Na jambo hilo lilikuwa limekwisha kufanyika, tena kwa ndege ya aina ile ile. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada iliishiwa mafuta juu ya nchi ya Kanada, injini zote mbili zikazima. Sababu yake? Namba. Siku hizo shirika lilikuwa likihama kutoka vipimo vya ratili kwenda vya kilo, na mafuta yakahesabiwa kwa kipimo kisichokuwa chake, hata ndege ikaondoka na chini ya nusu ya mafuta iliyoyahitaji. Wenye kosa hapa hawakuwa watekaji wenye shoka. Walikuwa mafundi na marubani wenye vyeti. Lakini marubani waliiambaza ndege yao mpaka katika kiwanja cha zamani cha kijeshi mahali paitwapo Gimli, wakatua, na hakuna mtu aliyekufa.

Kwa nini basi Gimli wote waliokoka, na Ngazija wakafa 125?

Sehemu ya jibu ni mitambo. Injini za ndege hazifanyi kazi ya kusukuma tu. Ndizo pia ziletazo umeme na nguvu za kuendeshea usukani na vibao vya mabawa. Zikizima, panka ndogo hushushwa chini ya tumbo la ndege, upepo unaizungusha, nayo hutoa nguvu kidogo: yatosha kuishika ndege, haitoshi kwa yote. Vile vibao vya nyuma ya mabawa, ambavyo hutokezwa ili ndege iweze kwenda polepole wakati wa kutua, Leul hakuweza kuvitumia. Ilimpasa atue kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 300 kwa saa. Gimli nako vibao havikutoka. Lakini Gimli kulikuwa na njia ya saruji chini, na katika chumba cha marubani hakukuwa na mtu wa kumnyang'anya rubani usukani.

Sehemu kubwa ya jibu ndiyo hiyo ya mwisho. Leul alikusudia kutua Hahaya. Alikuwa amekwisha kuiona nchi, naye ana njia moja tu ya kuufikia uwanja, kwa kuwa ndege isiyo na injini haiwezi kurudi juu na kujaribu tena. Katika dakika hizo chache mapigano yalizuka chumbani. Yonas, mwenye majeraha, alikuwa amerudi kumsaidia mwenziwe. Katika vurugu hiyo Leul akaupoteza uwanja machoni, na alipoinua macho haukuonekana tena. Kilichobaki ni bahari. Akaamua kuiteremsha ndege katika maji ya kina kifupi mbele ya hoteli ya Galawa, karibu na mji wa Mitsamiouli, kaskazini ya kisiwa, yapata mita 500 kutoka ufukweni, mahali penye watu wa kuwaokoa watakaookoka. Akajaribu kuiweka sambamba na mawimbi, isije ikayapiga uso kwa uso.

Ilikuwa saa tisa na dakika kama ishirini alasiri. Watu wa pwani walikuwa wakiota jua na kuogelea. Mtalii mmoja aliyekuwa na kamera ya sinema aliiona ndege kubwa ikija chini bila sauti ya kawaida ya ndege, akaielekezea kamera yake. Filamu hiyo bado ipo. Ndege yaonekana imelala kidogo upande wa kushoto. Ncha ya bawa la kushoto na injini yake vyagusa maji kwanza. Injini ikayachota maji, ikagonga mwamba wa matumbawe, na upande ule ukasimama ghafula hali upande wa pili ungali unakwenda. Ndege ikapinduka na kukatika vipande. Vipande vilizama upesi, isipokuwa sehemu ya nyuma.

Sasa nakuomba uvumilie, kwa maana lililofuata ni zito kulisoma. Wengi hawakufa kwa kishindo. Inakisiwa kuwa abiria kati ya 60 na 80 walikuwa bado wamefungwa mikanda vitini mwao, nao walikufa maji.

Chini ya kila kiti kulikuwamo jaketi la kuelea, ambalo ukivuta kamba hujaa hewa. Wahudumu wa ndege huwaambia abiria kwamba wasilijaze hewa mpaka watoke nje ya ndege. Siku ile onyo hilo lilitolewa pia. Lakini wengine hawakulisikia, wengine hawakulielewa, kwa kuwa walikuwamo watu wa mataifa na lugha nyingi. Na wengine, nadhani, walilisikia na kulielewa, ila hofu ikavuta kamba. Maji yalipoingia ndani, majaketi yaliyojaa yakawainua watu wale mpaka dari, yakawabana hapo kama vizibo katika chupa. Mlango wa kutokea uko chini, ndani ya maji. Mtu anataka kuzama ili atoke, na chombo kile kile cha kumwokoa hakimruhusu kuzama. Walijua kwamba jaketi laelea. Hawakujua, au hawakukumbuka, kwa nini wameambiwa wangoje.

Laiti watu wote wangalikaa na majaketi matupu, wangaliokoka wangapi zaidi? Hesabu hiyo siwezi kuiandika. Lakini miaka kumi na miwili baadaye, tarehe 15 Januari 2009, ndege ya abiria iliyogonga kundi la bata bukini ilipoteza injini zake mbili na kuteremka katika mto Hudson mjini New York, na watu wote 155 wakatoka hai. Mto ulikuwa umetulia, ndege ilitua ikiwa sawa, haikuvunjika, na hakuna aliyepigana na rubani. Huo ndio urefu wa umbali kati ya injini kuzima na watu kufa.

Waliokuwa ufukweni Galawa hawakungoja amri ya mtu. Wenyeji wa kisiwa na watalii waliingia baharini, wakiwamo wapiga mbizi waliokuwa hotelini na madaktari wa Kifaransa waliokuwa likizoni, ambao waliwatibu majeruhi papo hapo. Kwa juhudi yao watu 50 waliokolewa. Miongoni mwao walikuwamo Leul na Yonas. Baadaye Leul alipewa tuzo ya Polaris, ambayo umoja wa marubani wa dunia huwapa wale walioonyesha ushujaa wa pekee hewani.

Kwetu Kenya jina lililotajwa zaidi siku zile lilikuwa la Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, akawa mpiga picha ambaye macho yake yalikuwa macho ya dunia katika Afrika Mashariki. Mwezi Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia, zilizoonyeshwa na BBC, ziliwaamsha watu wa mataifa hata chakula na fedha vikamiminika. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala ya silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Akatengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Siku ile ya Novemba alikuwa akirudi nyumbani Nairobi pamoja na mwandishi mwenzake, Brian Tetley. Wote wawili walikufa. Walionusurika wamesimulia kuwa Amin hakukaa kitini. Alikuwa amesimama akibishana na watekaji mpaka mwisho. Mtu aliyetumia maisha yake kuirekodi misiba ya wengine alikufa katika msiba ulionaswa na kamera ya mtalii.

Wanafunzi wangu wakifika hapa huwa na swali moja, tena hulirudia kila mwaka: Kwa nini watekaji hawakusadiki hata walipoiona mishale ya mafuta ikishuka? Walikuwa ndani ya chumba. Saa zote zilikuwa mbele yao. Nimekwisha kusikia majibu mengi ya darasani. Mmoja alisema walidhani rubani ameziharibu saa makusudi ili awadanganye. Mwingine alisema walikuwa wamekwisha kukata shauri kufa. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye baba yake ni dereva wa lori la Moyale, alisema kuwa mtu asiyeendesha gari hatazami mshale, hutazama njia.

Mimi siwezi kuchagua kati ya majibu hayo. Watekaji wote watatu walikufa majini pamoja na wale waliowateka, na hakuna mahakama iliyopata kuwauliza. Tulichonacho ni yale tu waliyoyasikia marubani wawili katika saa zile nne, na sauti zilizobaki katika mtambo wa kunasia maneno.